Kijijini Karibu na Mtae

Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita 30 na kidogo tu, lakini kona zake ni nyingi, na abiria walioanza safari wakiwa wamefungua madirisha kwa ajili ya joto la bondeni huanza kuyafunga mmoja baada ya mwingine hata kabla ya kufika Soni. Lushoto nilibadilisha basi, nikapanda la kuelekea Mtae, kaskazini mwa Usambara Magharibi, mahali ambapo mlima hukatika ghafla na tambarare za Mkomazi zikaonekana chini kabisa. Sikufikia Mtae kwenyewe. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, anaishi katika kijiji kidogo kilichoko kabla ya hapo, ambacho kwa ombi lake sitakitaja jina.

Hata kabla sijatua mzigo alinipeleka kwa mtendaji wa kijiji, nikaandika katika kitabu cha wageni jina langu, nilikotoka, niliyefikia kwake na shughuli iliyonileta. Asubuhi yake nilipishana njiani na mama mmoja aliyejitwika kuni, ambaye sikuwa nimemwona kabla, naye baada ya salamu akaniuliza nimeamkaje kwa mwalimu na kama kikohozi kimepungua. Kumbe usiku, kwa baridi ile, nilikuwa nimekohoa na jirani akasikia.

Sisi tuliozoea mjini tungesema huo ni umbea, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyo. Hata hivyo, kwa mwalimu anayeishi peke yake, macho hayo ya majirani ni ulinzi: moshi usipoonekana jikoni kwake kufikia saa moja asubuhi, kuna mtu atakayekuja kubisha hodi. Gharama yake ni kwamba hakuna deni wala ugomvi wa nyumbani unaoweza kufichika. Kijana mmoja aliyekuwa akipakia kabichi kwenye lori aliniambia waziwazi kwamba kazi anayo ya kutosha pale, na kwamba kinachomvuta Dar es Salaam ni kupita barabarani bila kuulizwa anakokwenda. Nilimwelewa, ingawa nadhani atachoka na hilo mapema kuliko anavyotarajia.

Bahati nzuri nilikuta mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Nilikaa nyuma, kama mgeni. Ajenda iliyonivutia ilikuwa ombi la ardhi, kwa maana chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Mwombaji, kijana mzaliwa wa hapo hapo, alitaka kipande karibu na chemchemi ili alime karoti, na mwenyekiti alionekana kutarajia jambo hilo lipite kwa makofi.

Bibi mmoja akasimama, akajifunika vizuri kanga yake mabegani.

“Mwanangu, ukishapanda karoti zako, sisi na ndoo zetu tutapita wapi?”

“Shikamoo bibi. Njia sitaifunga.”

“Marahaba. Baba yako naye alisema hivyo hivyo.”

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika, kwa sababu wazee walianza kukumbushana mpaka ambao huyo baba aliusogeza miaka mingi iliyopita, na kila mmoja alikuwa na kisiki chake cha kuutambulisha. Mtendaji alipopata nafasi aliwakumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Walimsikiliza kwa heshima, lakini ni wazi kwamba swali la bibi ndilo lililokuwa limeusimamisha uamuzi. Ikaundwa kamati ya kwenda kupima.

Kesho yake nilifuatana nayo hadi bondeni. Bibi naye alikuwapo, ingawa hakuna aliyemteua, na ndiye aliyeshika ncha ya kamba upande wa chemchemi. Zilipotolewa mita 60, na baada yake upana wa njia ya watu wawili wenye ndoo kupishana, kilichobaki kilikuwa matuta machache kwenye mteremko mkali. Kijana alikitazama, akauliza kama angeweza kufikiriwa ng'ambo ya bonde. Bibi alimjibu kwamba udongo wa huko unafaa zaidi kwa karoti, ila mpaka wake anaujua mzee mmoja tu ambaye hakuelewana na baba yake, na kwamba ni vyema amwendee mwenyewe, mapema, kabla ya mkutano ujao.