Tone la damu pale Petite Barrière

Jumapili tulikuwa tunakula nyama ya ng'ombe, na binti yangu akawa anagonga mfupa kwenye sahani ili uboho utoke. Akaacha ghafla. "Papa, mama anasema hata wewe una mfupa wa ng'ombe juu ya meno. Uliuma?" Nikamwambia haukuuma. Usiku sikulala, Agosti 2019 ilinirudia yote.

Gego langu la juu, upande wa kulia, liling'olewa zamani. Mahali pasipo jino taya halikai kama lilivyo: mfupa unapungua kutoka chini, na ule uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, sinusi, unashuka kutoka juu. Picha ya Kigali ilionyesha mfupa wa milimita 3 tu. Visi ya titani, ile ya kushikilia jino jipya, ingepenya mpaka hewani.

Muganga akanieleza polepole mifupa inayoweza kuongezwa hapo. Kuna mfupa wangu mwenyewe, wa kukatwa kidevuni au nyuma ya taya la chini: huo una chembe hai, lakini ni kidonda cha pili, tena unaweza kuyeyuka mapema. Kuna wa mtu aliyekubali utolewe akishafariki. Kuna wa kiwandani, kalsiamu na fosfati. Na kuna wa ng'ombe, uliosafishwa mpaka protini zikaisha, yakabaki madini. Nilimpigia mama simu. Wa marehemu aliukataa kabla sijamaliza kusema. Nikachagua wa ng'ombe.

Punje zake zilikuwa nyeupe kama chumvi ya mawe. Muganga alizilowesha kwa damu yangu, zikashikana. "Hizi haziishi," akasema. "Ni miti ya kupandia maharage. Maharage ni mfupa wako." Kwetu Kivu hakuna asiyejua maharage yanavyopanda mti, na hofu yangu kubwa ilinitoka hapo hapo. Akakata dirisha dogo ubavuni mwa taya, akainua ngozi nyembamba ya sinusi, akajaza punje chini yake. Halafu masharti: nisipenge kamasi, nisinywe kwa mrija, na chafya ikija nifungue mdomo, isije ngozi ikapasuka na punje zikatawanyika.

Siku ya tatu nikarudi Goma. Ebola ilikuwa imeingia mjini mwezi wa Julai, na pale Petite Barrière, kwenye mpaka wetu na Rwanda, kila mtu alinawa maji ya klori na kupimwa joto. Mbele yangu mama mmoja alitua beseni lake tupu ili anawe. Vumbi letu jeusi la volkano likapanda. Nikasikia chafya inakuja, nikafungua mdomo wazi kama nilivyoambiwa, nikainama kwenye kiwiko. Nilipoinuka, tone moja la damu lilikuwa limetoka puani, likaanguka juu ya kiatu changu.

Mstari wote ulirudi nyuma. Hakuna aliyepiga kelele, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Mama wa beseni aliniangalia machoni, akavuta mtoto wake. Msichana wa kupima joto alirudi hatua mbili, kipimo kimenyooshwa mbele yake. Mimi shavu limevimba, maneno hayatoki vizuri, nikaiweka barua ya muganga chini, nikaondoka karibu nayo ili aisome. Aliisoma akiwa amechuchumaa. Akapima paji langu la uso: 36,7. Akapima tena. Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, peke yangu, wakimpigia muganga simu. Naye akawaeleza kwamba damu kidogo puani siku za mwanzo baada ya kazi ile ni kawaida. Nilikaa karibu saa mbili nikitazama tone lile likikauka kwenye ngozi ya kiatu.

Yule msichana ndiye aliyerudi, na pamba mkononi. Alininyoshea kwa mkono wenye glavu, akabaki amesimama karibu. Sikumuuliza jina lake, na hilo linaniuma mpaka leo.

Visi iliwekwa baada ya miezi minane. Muganga alisema punje za ng'ombe hukaa miaka mingi, zimezungukwa na mfupa mpya. Kwa hiyo ule mfupa sasa ni wa nani? Nilijaribu kumweleza binti yangu habari ya maharage, naye akaelewa upesi.

"Sawa, papa. Na ng'ombe alitoka wapi?"

Nikaenda kutafuta kitabu changu cha matibabu. Ile lebo ya kichupa cha punje ingali imebandikwa ndani. Tukasoma namba zake pamoja, moja moja, yeye akiziandika kwa kalamu kwenye daftari lake.