Ninyi Tangulieni, Mimi Nitatembea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 20:7-16. Lisomeni lote kwanza, ndipo mje kwangu. Ninayoitaka hasa ni mistari ya 13 na 14, ambayo wengi huwa tunairuka kwa kuwa imekaa kama ratiba ya safari: walipanda merikebu, wakashuka huku, wakapita kule. Katikati ya ratiba hiyo Luka anatuambia jambo la ajabu kidogo. Yeye na wenzake walipanda merikebu kwenda Aso, lakini Paulo hakupanda. Aliagiza wamkute huko Aso, naye akaenda kwa miguu.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali lililoulizwa kwenye kikundi: je, ni sawa kwa mwamini, tena mwanamke, kusafiri peke yake nchi za watu kwenda kutembea tu, pasipo semina, mkutano wala harusi? Anayeuliza anajua kwamba mimi nilikwenda. Shangazi yangu aliniuliza vilevile siku ya kuaga, kwa ufupi zaidi: "Unakwenda na nani?" Nilipomwambia sina mtu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nani atakupiga picha?"

Nilikwenda Uturuki, upande wa magharibi. Nilianzia Istanbul, nikashuka kwa mabasi kufuata pwani hadi Aso yenyewe. Siku hizi pale ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe kinachoitwa Behramkale, juu ya kilima kinachoitazama bahari. Istanbul sitaieleza sana. Niliingia Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 chini ya mfalme Justinian, ikawa msikiti mwaka 1453, ikawa makumbusho karne iliyopita, na tangu 2020 ni msikiti tena. Kuba lile humnyamazisha kila anayeingia, kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha simu zinainuliwa. Msafiri wa siku hizi anaweza kuzunguka nusu ya dunia bila mwenzake na asiwe peke yake hata saa moja, kwa kuwa amewabeba watu wote mfukoni. Nasema hivyo nikijihesabu na mimi.

Turudi kwa Paulo. Angalieni hali aliyokuwa nayo asubuhi ile. Usiku kucha alikuwa akihubiri Troa katika orofa ya tatu. Kijana Eutiko alisinzia dirishani, akaanguka chini, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, uhai ukarudi. Akapanda tena, akaumega mkate, akaendelea kuzungumza hadi alfajiri. Mhubiri wa namna hiyo kwetu angechemshiwa maji ya kuoga na kutandikiwa kitanda, na mama mmoja angesimama mlangoni kuzuia wageni. Zaidi ya hayo, Paulo alikuwa na haraka. Mstari wa 16 unasema alitaka, ikiwezekana, awe Yerusalemu siku ya Pentekoste. Merikebu ilikuwepo, na wenzake walikuwepo: sura hiyohiyo inawataja Sopatro, Aristarko, Sekundo, Gayo, Timotheo, Tikiko na Trofimo, na Luka mwenyewe anayesimulia. Mtu asiyelala, mwenye haraka, aliyezungukwa na ndugu wanaompenda, akasema: ninyi tangulieni, mimi nitatembea.

Kutoka Troa hadi Aso kwa barabara ya kale ni kilomita 50 hivi. Merikebu ilipaswa kuizunguka rasi ambayo ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya bara la Asia, wakati mtembea kwa miguu anakata moja kwa moja nchi kavu. Kwa hiyo hakuwa anawachelewesha wenzake kwa kujifurahisha. Mpango wenyewe ulikuwa na hesabu.

Mimi sikuitembea njia yote, nisije nikawadanganya. Sehemu kubwa nilipita kwa dolmuş, basi dogo ambalo tabia zake zitamfurahisha yeyote aliyezoea daladala: haliondoki mpaka lijae, na nauli inapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Lakini hata dirishani unaona ni nchi ya namna gani. Ni vilima vya mawe na mizeituni, mbuzi, na upepo wa bahari usiokoma. Njiani kuna kijiji cha Gülpınar chenye magofu ya hekalu la Apolo, mungu wa Wagiriki, ambaye huko aliabudiwa kama bwana wa panya. Ndiyo, panya. Hekalu lile lilijengwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo, na barabara ya Troa kwenda Aso ilipita hapo, kwa hiyo ni vigumu kufikiri kwamba Paulo hakuliona.

Upande wa mashariki unasimama mlima Ida, ambao Waturuki wanauita Kaz Dağı, wenye urefu wa mita 1,774. Miteremko yake imefunikwa na misonobari, na chini kabisa, kuelekea ghuba, mashamba ya mizeituni yanashuka hadi karibu na maji. Nilikaa kijiji cha mlimani, na kila asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni huku kilele kikiwa tayari kwenye jua. Ni mlima mzuri, ingawa sisi tuliokulia karibu na Kilimanjaro hatushtuki upesi kwa urefu. Kilichonigusa ni kwamba Wagiriki wa kale walisimulia kuwa Zeu, mkuu wa miungu yao, aliketi juu ya Ida akitazama vita vya Troya (mji mwingine, si Troa ya Paulo) vikiendelea bondeni. Alikaa juu akiangalia watu wanavyokufa. Nikaisoma Zaburi ya 121 pale kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba mstari wa kwanza una alama ya kuuliza. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Watu wengi wa zamani walikuwa na jibu tayari: unatoka mlimani, kwa mungu aliyekaa kileleni. Mwenye zaburi anautazama mlima, anaupita, anakwenda kwa aliyeufanya. Tena anasema huyo hasinzii. Nikamkumbuka Eutiko dirishani.

Ukiiendea Aso kwa barabara ya kale kutoka magharibi, kabla ya kufika lango la mji unapita makaburini. Hapo nilitembea kwa miguu, polepole, kwa kuwa mawe ya barabara yamelainika na yanateleza. Huku na huku yamelala majeneza ya mawe, mengine yamevunjika, mengine makubwa kama gari. Mawe ya Aso yalikuwa maarufu zamani. Plinio, mwandishi Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba maiti ikizikwa ndani yake huliwa na jiwe ikaisha kwa siku 40, isipokuwa meno. Watu waliamini hivyo. Sasa mwoneni Paulo: jana yake usiku amemkumbatia maiti naye akawa hai, siku za mikate isiyotiwa chachu ndiyo kwanza zimepita, na leo anaingia mjini kwa barabara iliyopangwa majeneza yanayosifiwa kwa kula watu. Luka hatuambii alifikiri nini. Mimi nilisimama pale nikaisema Imani ya Mitume hadi mwisho, na nilipofika kwenye ufufuo wa mwili sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi akageuka kunitazama.

Kwa nini alitaka kuwa peke yake? Wengine husema aliikwepa bahari kwa sababu ya hila iliyotajwa mstari wa 3, pale Wayahudi walipomvizia alipokuwa karibu kusafiri kwenda Shamu. Inawezekana. Lakini tazameni anachosema siku chache baadaye huko Mileto, kwamba Roho Mtakatifu mji kwa mji anamshuhudia kuwa vifungo na dhiki vinamngoja. Tazameni na sura ya 21, jinsi ndugu wanavyomlilia Kaisaria mpaka anawauliza kwa nini wanalia na kumvunja moyo. Nafikiri Paulo alikuwa na neno la kumaliza na Mungu wake, na si neno unaloweza kulimaliza huku Timotheo anakutazama usoni. Watu wanaotupenda wana namna ya kutujibia kabla Mungu hajajibu. Hata Bwana wetu, katika Marko 1, alitoka alfajiri kwenda mahali pasipokuwa na watu, na Simoni akamfuata kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta.

Ugenini, mahali asipokujua mtu, hilo linawezekana kwa namna ambayo nyumbani ni ngumu. Nyumbani mimi ni mama fulani, katibu wa jumuiya, yule anayepigiwa simu mgonjwa akilazwa. Pale Behramkale nilikuwa mwanamke mweusi mwenye begi. Mama wa nyumba ya wageni, Mwislamu, alinipa chai kwenye glasi ndogo, mkate, jibini na zeituni, akauliza kwa ishara kama niko peke yangu, akagusa kifua chake kwa huruma. Siku za kwanza sikuwa na maombi ya maana, nawaambia kweli. Nilikuwa nasali kama mtu anayesoma matangazo ya usharika: nawaombea hawa, nawaombea wale. Orodha ilipokwisha hapakuwa na mtu wa kunisikiliza isipokuwa Yeye, ndipo mengine yakaanza kutoka, na hayo ni yangu na Mungu.

Lakini aliyeuliza swali ana haki ya kusikia upande wa pili. Maandiko hayausifu upweke hovyo. Mhubiri 4 anasema afadhali kuwa wawili kuliko mmoja, na ole wake aliye peke yake aangukapo. Yupo pia mtumishi mwingine aliyetembea peke yake. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anamkimbia Yezebeli, anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, kisha anaingia jangwani mwendo wa siku moja na kuketi chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akiomba kufa. Malaika anamlisha, naye anatembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mapokeo yanauonyesha mlima huo Sinai, na chini yake ipo monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa na Justinian yuleyule wa Hagia Sophia. Mahujaji hupanda usiku ili walione jua likichomoza kileleni. Picha zake ni nzuri mno. Eliya hakusifiwa kwa kufika pale. Aliulizwa mara mbili: "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Wekeni safari hizo mbili pamoja. Wote wawili wamewaacha wenzao, wote wamechoka, wote wanatishwa na mauti. Eliya alimwacha mtumishi wake, na hatusomi kwamba walipatana kukutana popote. Paulo aliwatanguliza wenzake na kuwatajia mji. Ninavyosoma mimi, tofauti yote iko hapo. Ndiyo maana Mungu, baada ya ile sauti ndogo ya utulivu, hakumwambia Eliya akae mlimani. Alimwambia, "Enenda, urudi," akampa majina ya watu, Hazaeli, Yehu na Elisha, akamjulisha kwamba wako 7,000 katika Israeli ambao hawakumpigia Baali magoti. Alirudishiwa watu aliodhani hawapo.

Kwa hiyo anayenijia akisema nataka kusafiri peke yangu, simuulizi tena anakwenda na nani. Namuuliza nani anamngoja, na wapi. Akiwa na jibu, namwombea na kumwelekeza namna ya kupata visa. Akisema hakuna, anataka tu kutoweka, tunakaa kwanza tuzungumze, maana huenda mretemu wake uko karibu kuliko anavyodhani. Na kwa dada zetu hasa: mwambie mtu mmoja nyumbani utalala wapi kila usiku. Hilo halipunguzi imani. Paulo alijazwa Roho na bado aliacha maagizo.

Juu ya kilima cha Aso zimesimamishwa tena nguzo chache za hekalu la Athena, la karne ya 6 kabla ya Kristo. Karibu yake upo msikiti wa karne ya 14, na juu ya mlango wake kuna jiwe lenye misalaba na maandishi ya Kigiriki, lililotolewa kwenye kanisa la zamani. Jumapili hiyo sikuwa na ibada ya kwenda, nikaketi kwenye ngazi za hekalu nikasoma Matendo 20 kwa Kiswahili. Ng'ambo ya maji kinaonekana kisiwa cha Lesbo, ulipo mji wa Mitilene waliofika baada ya kumpakia Paulo. Luka anasema "alipotufikia" na "tukampakia." Nilizisoma zile "tu" zote mbili mara kadhaa.

Kazi ya wiki hii: tafuta saa moja utembee bila simu na bila mwenzako, na kabla ya kutoka mwambie mtu utarudi saa ngapi. Tutaelezana kwenye kikao.

Tuombe. Bwana, tunawaweka mikononi mwako walio njiani peke yao leo: madereva wa malori, wanafunzi waliofika vyuo vya mbali, dada zetu wanaofanya kazi majumbani Maskati na Dubai ambao hawakuchagua upweke huo. Wape mtu wa kuwapokea. Na sisi tulio nyumbani, tukumbushe kuwapigia simu. Katika jina la Yesu, Amina.