Tangazo la chumba na sebule, Gungu: wiki ya pili

Jumatatu. Rangi imekauka, choo hakivuji tena, mlango wa nyuma bado unakwaruza sakafu. Kimebaki kuandika tangazo, nami sijawahi kupangisha hata banda la kuku.

Dalali alikuja na lake tayari: "Nyumba kali, maji na umeme ndani, dakika 5 tu kutoka lami." Jioni nikaenda hadi lami, nikarudi huku naangalia saa, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mfuko wa unga. Dakika 13, na kilima cha mwisho kinatoa jasho. Nimeandika 13.

Jumatano. Vipimo. Chumba futi 9 kwa 10, sebule 10 kwa 12. Kitanda cha sita kwa sita kinaingia, ila ukiongeza kabati mlango haufunguki wote. Nalo nimeliandika.

Alhamisi na Ijumaa zimeliwa na umeme. Mita ni moja, mimi na mpangaji. Mtu wa matumizi madogo akizidi uniti 75 kwa mwezi anahamia bei ya juu. Nyumba mbili kwenye mita moja mnavuka hapo bila kujua. Halafu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na deni hilo ni la mwenye nyumba, si la aliyenunua umeme. Mwanzo niliandika "umeme mnachangia" nikapita. Usiku nikakumbuka nilivyopanga Ujiji: mimi feni moja, mwenye nyumba friji na pasi, na bili nusu kwa nusu! Nimefuta. Fundi anafunga sabmita Jumanne, mita ndogo ya kuhesabu uniti za mpangaji peke yake, na tangazo linasema kila mtu uniti zake, kodi ya majengo juu yangu.

Mama mdogo kasoma akasema, "Mwanangu, weka na wasio na watoto. Na wasikaange dagaa ndani." Kigoma hii, mtu asikaange dagaa? Nimekataa yote mawili. Ukuta wa sebule yangu wenyewe umechorwa na wanangu watatu.

Kodi 80,000 kwa mwezi. Nilitaka ya miezi sita kwa mkupuo maana fundi ananidai, nimeshuka hadi mitatu.

Jumapili. Dalali: "Dada, tangazo hili linafukuza watu." Simu zimekuja mbili. Mmoja kauliza kama bodaboda inapanda kile kilima mvua ikinyesha. Haipandi, unashukia kwenye mwembe. Nimeongeza mstari.