Zege la haraka kwenye mwalo wa Kibirizi
Wavuvi wa dagaa hapa Kigoma hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, maana taa zao hazivuti samaki. Nilipopewa usimamizi wa kumwaga zege kwenye njia ya kushukia mwaloni Kibirizi, huo ndio upenyo tuliokuwa nao. Giza likirudi, wabebaji wangepita palepale, zege liwe limekomaa au la.

Fundi mkuu, mzee aliyenizidi umri na uzoefu, alitaka kloridi ya kalsiamu, dawa ya kuharakisha zege kukomaa. "Kijana, ukiitia hii, kesho unakanyaga." Ni kweli, tena bei yake nafuu. Kiwango kinachokubalika hakizidi asilimia 2 ya uzito wa saruji, yaani kilo 1 kwa mfuko wa kilo 50. Ila zege letu lilikuwa na nondo, na kloridi huvunja kinga ambayo zege huzipa nondo, kutu ikaanza kutafuna ndani kwa ndani. "Mzee wangu, hii tuwaachie wanaomwaga zege lisilo na nondo," nikamwambia. Tukachukua nitrati ya kalsiamu, dawa ya kazi ileile isiyo na kloridi, ila ghali kidogo.

Saruji ikikutana na maji hutulia saa kadhaa kabla ya kushika. Kalsiamu ya ziada hufupisha utulivu huo: silikati, yaani madini makuu ya saruji, huwahi kujenga ile gundi inayoshika mchanga na kokoto, na joto hutoka kwa kasi. Nguvu ya mwisho haiongezeki. Pengine hata hupungua kidogo.

Mzee hakushawishika mpaka tulipojaza ndoo mbili, moja ina dawa, nyingine haina. Akaweka kiganja ubavuni mwa ile yenye dawa: vuguvugu. Akabonyeza ukucha juu yake, haukuzama. Kwenye ya pili kidole kiliingia. Akaguna tu, akaenda kuwaita vijana.

Jua la huku nalo linaharakisha, hivyo tulimwaga alfajiri, dawa ikitangulia kwenye maji ya kuchanganyia. Ubishi ulizuka baadaye, saidia fundi walipoacha kumwagilia eti dawa imemaliza kazi. Dawa haileti maji! Saruji inaendelea kuyahitaji kwa majuma. Tukafunika magunia na kuyalowesha. Ziwa lipo hapo miguuni, kisingizio hakuna.

Giza liliporudi, wabebaji walipita na ndoo zao. Mikokoteni niliizuia kwa kamba siku kadhaa zaidi, na wenyewe walinisema vya kutosha.