Foleni ya dirisha la dawa: Jumatano yangu kliniki ya akili

Watu wakisikia mimi ni nesi wa wagonjwa wa akili, swali la kwanza ni lilelile: "Hawakupigi?" Mwaka wa tisa huu nimepigwa mara moja, na aliyenipiga alikuwa mlevi aliyekosea mlango. Kinachonimaliza ni kingine, na nakiandika usiku huuhuu, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Saa 10:30 alfajiri. Chai ya rangi, kiporo, daladala ya kwanza kutoka Chanika, nimesimama mpaka Gongo la Mboto.

Saa 1:30 asubuhi. Hospitali yetu ni ya serikali, hapahapa Dar, jina tuliache. Kliniki ya akili ni Jumatano tu, chumba cha mwisho baada ya meno. Siku nyingine zote chumba hicho ni stoo ya magongo na viti vya magurudumu vilivyovunjika, kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni ukuli: navitoa koridoni kimoja kimoja. Foleni leo watu 62. Watumishi ni mimi na dokta mmoja, ambaye muda wowote anaweza kuitwa wodini. Ukigawa saa 6 za watu wawili inatoka chini ya dakika 12 kwa mgonjwa, na humo humo kuna kupima presha, kusaka faili, kujaza kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za wagonjwa, na kuamua nani alimtangulia nani.

Saa 2 mpaka saa 4. Hapa nageuka mashine. Dawa unakunywa? Usingizi? Sauti bado unazisikia? "Kidogo." Tiki. Haloperidoli, klopromazini, kidonge cha kuzuia kukakamaa, njoo mwezi ujao. Anayefuata.

Hilo "kidogo" ndilo linalonikera. Chuoni tulifundishwa kuuliza kama sauti zipo au hazipo. Zinasema nini, hiyo ilikuwa ni kuzipalilia. Ni baadaye nilipokuja kusoma habari za daktari wa Uholanzi, Marius Romme, aliyebanwa na mgonjwa wake Patsy Hage: ninyi mnamwamini Mungu msiyemwona wala kumsikia, mbona mimi ninayesikia kwa masikio yangu hamniamini? Mwaka 1987 wakaenda wote wawili kwenye televisheni ya kwao, na mamia ya watu wakapiga simu. Wengine walikuwa wanasikia sauti miaka nenda rudi, na wala hawajawahi kulala hospitali. Tangu nisome hayo, ile tiki inanichoma.

Saa 4:15. Akaingia mwenye duka na mdogo wake. (Mambo yao nimeyageuza, msihangaike kuwatafuta.)

"Sista, huyu mpige sindano ya mwezi tuondoke. Duka nimemwachia mtoto."

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri. Sindano."

Mdogo wake alikuwa dereva wa bodaboda. Mabega yamekakamaa kama amebeba mlango, mate yanamchuruzika pembeni ya mdomo, anayafuta kwa kola ya shati. Nikamgeukia yeye nimuulize hali. Kaka akajibu. Nikauliza usingizi, kaka akajibu. Simu ikaita, bei ya sukari, akaongea kwa sauti ya sokoni, akakata, akaendelea kujibu: amempeleka kisomo, kombe amekunywa, akampeleka na kwa nabii mmoja wakauziwa maji, Mirembe akakataa kumpeleka kwa sababu mtaa mzima ungesema. Mirembe ni hospitali, iko Dodoma tangu 1927, lakini mtaani jina lake limekuwa tusi. Simu tena. Akanitazama saa mkononi, saa yangu mimi. "Sista, sindano inachukua dakika ngapi?"

Simlaumu kwa kisomo wala kwa nabii. Kule angalau walimuuliza kijana anasikia nini.

Nikamwandikia karatasi kaka nikamtuma dirisha la dawa. Foleni ya pale haipungui nusu saa, na nilijua. Mungu anisamehe, hiyo ndiyo hila yangu ya kila Jumatano. Tiba ya mazungumzo kwenye kliniki yetu inaishi ndani ya foleni ya dirisha la dawa.

Mlango ukafungwa. Nikamuuliza kijana, huyo anayekuongelesha anakaa wapi?

"Nyuma." Akagusa sikio la kushoto. "Abiria."

"Unamjua?"

Kimya kirefu. Nje mtu anagonga.

"Nilimbeba siku ile ya lori."

Faili lake lina miaka miwili. Lori halimo. Ndani kumeandikwa *anasikia sauti*, mwandiko wa watu wanne tofauti, na mmojawapo ni wangu.

"Anakwambia nini?"

"Alinipa elfu tano. Chenji sikuwahi kumrudishia." Akafuta mate. "Anadai chenji yake."

Nikauliza ambalo lazima niulize, kama anamwambia ajidhuru. Zamani alikuwa anamwambia aingie barabarani, siku hizi ni chenji tu. Anakuja saa ngapi? Magharibi, saa ileile ya ajali. Kwa kumi, nguvu yake ngapi? Nane. Na sasa hivi tunavyomtaja? Akafikiri. "Tano. Kama anasikiliza."

Tukapanga mambo mawili. Abiria akija magharibi aambiwe asubiri: saa 3 usiku nitakusikiliza robo saa, kabla ya hapo sina nafasi. Ukimpangia muda, mwenye ratiba unakuwa wewe. La pili, akimjia kwenye daladala, aweke simu sikioni ndipo amjibu. Nani atamshangaa?

"Hata wazima wanapiga kelele na simu," akasema, na meno yakaonekana.

Dawa sikumwachisha, hilo lieleweke. Nilimwita dokta aangalie upya dozi, kule kukakamaa kunatokana na dawa, si kwa kukuachia.

Dakika 40. Nje foleni imechafuka, mtu anauliza humo ndani tunapika au. Bibi mmoja wa Pugu akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, na sisi tuna vichwa." Hakuna maneno yaliyoniuma leo kama hayo. Dakika za kijana nilizitoa mfukoni mwa bibi huyu, sina mahali pengine pa kuzitoa.

Kaka akarudi. "Dawa imeisha, wanasema tukanunue nje. Sindano umempiga?"

"Dokta anaangalia dozi kwanza. Tumeongea."

"Mmeongea." Akaangalia karatasi kama kuna kitu kimeandikwa nyuma. "Sista, mimi naongea naye kila siku, bure."

Ningemwambia nini? Uingereza mwongozo wao wa 2014 unataka kila mwenye maradhi haya apewe tiba ya mazungumzo ya ana kwa ana, vikao visivyopungua 16, na hata huko wengi wanaisubiri. Nikampigia hesabu ya kwetu kichwani: wanatoka Msongola, nauli yao wawili kwenda na kurudi ni elfu sita. Mara 16, elfu tisini na sita, na duka limefungwa siku 16. Sikumtajia. Nikaandika namba yangu ya simu nyuma ya kadi, kosa ninalolirudia kila mara, nikamwambia akizidiwa apige.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Dokta aliitwa wodini. Faili mbili zilipotea, moja ikapatikana meno. Bibi wa Pugu alipata dakika sita. Kuna mama alilala kwenye benchi akapitwa na zamu yake, hakuna aliyemwamsha, nikagundua watu wameshaisha. Mihogo niliyonunua asubuhi niliila imeshakuwa mpira. Magongo yakarudi stoo.

Kitabu cha MTUHA nilikijaza jioni, taa inapepesa. Kuna mahali pa jina, umri, ugonjwa, dawa. Mazungumzo hayana safu. Kwa kijana niliandika pembeni kabisa, herufi ndogo: *ameongea, dk 40*. Ripoti ya mwezi ikijumlishwa, hizo dakika hazitakuwepo.

Nyumbani binti yangu alianza kunisimulia ya shule tangu mlangoni. Nikamwambia naomba tunyamaze kidogo, mama. Akaniletea beseni.

Sasa hivi ni saa 2:40. Ujumbe umeingia, namba ngeni:

"Sista kaka wa yule kijana hapa. Tangu magharibi ana simu sikioni anamwambia mtu asubiri saa tatu. Ndio mliyoongea? Jumapili hamna kliniki ya kuongea? Jumapili sifungui duka."

Nimeusoma mara tatu. Jumapili ndiyo siku yangu ya kufua.