Viti viwili vya mninga

Nilikwenda Upanga, Dar, kuchukua friji kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Kwenye kibaraza nikakuta viti viwili vya mikono, kitambaa kimechanika, sponji imekuwa unga.

"Shikamoo mzee. Na hivi?"

"Marahaba. Leta elfu 80 uvitoe hapa."

Nikajaribu kukiinua kimoja, kikanishinda. Kumbe ni mbao ya mninga.

Sofa nyingi za siku hizi ukizivua nguo unakuta paini na vipande vya mbao za masanduku. Mwaka haujaisha zinalia kila ukikaa. Hivi vya mzee, ulimi wa mbao umechomekwa ndani ya mbao nyingine, msumari huuoni. Na mchwa hawana hamu na kiini cha mninga.

Fundi wa Keko alivigonga kwa ngumi. "Dada, mifupa mizima. Nyama ndiyo imeoza." Akakifumua kimoja mbele yangu: sponji, chini yake usumba wa nazi, chini ya usumba springi zilizofungwa kwa kamba ya katani, na kwenye kona shilingi ya 1966 yenye sura ya Nyerere. Hiyo ninayo. Usumba tuliuchoma, maana kunguni akishaingia ndani hatoki kwa kuombwa.

Springi zilirudi zilezile kwa kamba mpya, juu yake sponji ngumu. Fundi alitaka kukifunika kwa leza, nikakataa. Kwa joto la Dar la Februari, ukisimama paja linabaki kwenye kiti. Nikanunua kitambaa kizito cha pamba Kariakoo. Msasa nilipiga mwenyewe ili kuokoa hela, bila kujifunga kitambaa puani. Vumbi la mninga linawasha, nilipiga chafya siku 2. Lakini nilipopaka vanishi isiyong'aa, ile mistari myekundu ya mbao ikajitokeza, nikasahau mafua.

Mlango wangu nilikuwa nimeupima. Kona ya ngazi sikuipima. Wabebaji walikwama ghorofa ya 2 wakitukanana, mpaka jirani akachungulia: "Kigeuzeni, miguu itangulie!" Kikapita.

Mama alipokuja alikaa kimya kidogo, kisha akatoa kwenye mkoba kitambaa cha kufuma, akakitandika mgongoni mwa kiti.

Hicho ni kimoja. Cha pili bado kiko Keko. Fundi ananiambia "kesho" tangu Ijumaa ya juzi.