Kiuno changu kilipona kuanzia kisiginoni

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na kazi yetu ni ya kusimama juu ya sakafu ya saruji tangu kipindi cha kwanza hadi alasiri. Nilipoanza kuumwa kiuno, kila aliyepata habari alikuwa na ushauri. Mmoja alisema ni figo, mwingine akashikilia kuwa ni gauti na kwamba niache nyama nyekundu, na jirani mmoja hakuona haya kuniambia kuwa nimekanyaga kitu nilichotegewa mlangoni. Kwenye duka la dawa nilipewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, bila kuulizwa hata swali moja, ilhali dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba miongoni mwa washauri wote hao hakuna aliyeitazama miguu yangu, wala aliyeuliza kwa nini kila asubuhi nashuka kitandani nimeshika ukuta, kisigino cha kulia kikichoma kama kimekanyaga msumari.

Aliyegundua alikuwa fundi viatu. Nilimpelekea viatu vyangu vya kazini abadilishe soli, akavigeuza, akaviweka sambamba na kupitisha kidole gumba pembeni. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika hadi misumari ikachungulia, na cha kulia kilikuwa bado na michirizi yake ya kiwandani. “Mwalimu,” alisema, “huu mguu wa kulia unauogopa. Mzigo wote unaubebesha wa kushoto.”

Maneno hayo niliyapeleka kama yalivyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, naye hakuyapuuza. Alinieleza kwamba mguu una mifupa 26, na kwamba chini yake kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi vidoleni, ambao ndio uliokuwa umeumia. Mtu anayekwepa kisigino hubadili mwendo bila kujua: goti hujipinda, nyonga moja huinuka, na misuli ya kiuno hukaza kutwa nzima ili kumzuia asiyumbe. Picha ya eksirei ilionyesha kijimwiba cha mfupa kisiginoni, na wapo walionihimiza kikatwe. Mtaalamu alisema watu wengi wanacho na hawaumwi popote.

Tiba yenyewe ilikuwa zoezi ambalo nalisifu kwa kila mtu. Unakunja taulo, unaliweka kwenye ukingo wa ngazi, unapanda kwa nusu ya mbele ya mguu huku vidole vikiwa vimeinuliwa na taulo, kisha unanyanyua kisigino taratibu kwa sekunde tatu, unatulia mbili, unashuka kwa tatu. Hufanywa siku moja na kuachwa siku inayofuata, kwa sababu utando huo unahitaji muda wa kujijenga. Jioni nilikuwa nikiviringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa. Maumivu hayakuisha haraka, ilichukua miezi, ila kiuno kilianza kulegea hata kabla ya kisigino kupona.

Viatu nilivipata kwenye mitumba kwa bei isiyozidi ya kilo chache za nyama, na hapa najivunia macho yangu. Kwanza hutazama soli, kwa maana kiatu kilicholika upande mmoja kimebeba mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nacho kitakufundisha uchechemee kama yeye. Kisha nakikunja: kikikunjika penye vidole ni sawa, kikikunjika katikati nakirudisha hata kiwe kizuri namna gani. Mwisho nabonyeza nyuma, panapokumbatia kisigino. Pakibonyea kama karatasi, sinunui. Ndala nazo hubaki za bafuni.

Shangazi yangu, ambaye ana kisukari, aliposikia habari ya barafu alitaka naye aifanye, nikamkatalia papo hapo. Kisukari huweza kuua hisia za miguu, hivyo barafu au maji ya moto yanaweza kuunguza ngozi bila mtu kusikia, na kidonda kidogo cha wayo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Yeye hukagua nyayo zake kila jioni kwa kioo kilicholazwa sakafuni, hukung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na akiona hata lengelenge huenda kliniki kesho yake bila kulitumbua.